Wasaa wa Shabiki

Desturi ya watu wanapomweleza mwenzao aliyekwisha kustaafu ni kutaja kazi aliyoifanya, cheo alichokifikia na watoto aliowasomesha, kana kwamba saa nyingine zote za umri wake, zile alizokaa barazani, alizosimama pembeni mwa kiwanja, au alizojinyosha mkekani siku ya sikukuu baada ya kushiba pilau, hazikuwa na thamani ya kukumbukwa wala ya kuandikwa. Mimi nilikuwa karani wa reli mjini Tanga, nikaandika hati za mizigo kwa mwandiko uliosifiwa, na kazi hiyo siidharau maana ndiyo iliyonilisha; walakini nikikaa leo kuyapima mambo yaliyonifanya niwe mtu niliye, naona hati za mizigo zina sehemu ndogo, na sehemu kubwa imetoka kwa mpira wa miguu, kwa bao, kwa redio, na kwa siku ambazo ofisi ilifungwa.

Nilizaliwa katika shamba la mkonge upande wa Muheza, katika zama ambazo Tanganyika ilitangulia nchi zote duniani kwa zao hilo, na manamba walioletwa kulikata walitoka kusini, kati na magharibi ya nchi, kila kundi na lugha yake na kambi yake. Kiwanja chetu kilikuwa baina ya safu za mwisho za mkonge na jengo la korona, mashine ya kuchambulia mkonge, na siku ya Jumapili, korona iliponyamaza, ndipo tulipogundua kuwa shamba lile lilikuwa na sauti za watu. Mmakonde na Muha ambao siku za kazi walisemeshana kwa ishara, Jumapili waligombana kwa Kiswahili fasaha kabisa juu ya mpira kama ulitoka au haukutoka. Sisi watoto tulicheza chandimu nyuma ya goli, kwa mpira wa matambara uliokazwa kwa kamba ya mkonge, na kamba ile iliuacha mguu mtupu na michirizi myekundu ambayo mama aliipaka mafuta ya nazi usiku bila kuuliza imetoka wapi.

Baadaye baba alipata kazi bandarini, tukahamia Ngamiani, mtaa ambao barabara zake zinaitwa kwa nambari, na huko nikakuta kwamba mtu hawezi kukaa bila kuulizwa yuko upande gani. Tanga ilikuwa na timu mbili kubwa: African Sports, Wana Kimanumanu, ambao ni wakongwe, na Coastal Union, Wagosi wa Kaya, walioanzishwa mwaka 1948. Baba alikuwa Coastal. Mjomba wangu, kaka yake mama, alikuwa Sports wa kufa na kupona, na kwa kuwa alikaa nyumba ya tatu kutoka kwetu, hapakuwa na matokeo yaliyoweza kupita kimya. Coastal wakifungwa jioni, alfajiri ya pili mjomba alipiga hodi kabla chai haijachemka, kavaa kanzu safi na kofia ya viua, uso ameukunja kwa taadhima.

"Shemeji, poleni na msiba. Maziko saa ngapi?"

Naye baba, akiwa bado na mswaki mkononi, alimjibu kwa adabu ileile: "Tunashukuru, shemeji. Maziko yameahirishwa. Marehemu anacheza tena Jumamosi."

Kisha walikaa wakanywa chai pamoja. Nimesoma maneno mengi yaliyoandikwa juu ya umoja wa jamaa na ujirani mwema, mengine kwa ufasaha mkubwa, lakini sijaona darasa lililozidi lile la watu wawili kuhasimiana kwa moyo wote juu ya jambo ambalo halikumpunguzia yeyote kati yao tonge moja la ugali. Walipotofautiana kweli, juu ya kiwanja cha urithi wa bibi, walitumia lugha nyingine kabisa, fupi na baridi, na sisi watoto tulijua mara moja kwamba huu si mpira.

Mashabiki wa timu mbili za Kariakoo, nawaheshimu wote, hawawezi kulijua vyema jambo hili ninalotaka kulisema, kwa sababu wao, mambo yakiwa mabaya sana, hungoja miaka michache tu. Na mtu anayengoja miaka michache hana haja ya kujiuliza anangoja nini. Sisi wa Tanga tumelazimika kujiuliza. Mwaka 1986 Tukuyu Stars kutoka Mbeya, timu iliyokuwa ndiyo kwanza imepanda daraja, ilichukua ubingwa mbele ya macho ya wakubwa, na kila mji wa mkoani ukaanza kujitazama upya. Miaka miwili baadaye, 1988, ikawa zamu yetu. Mohamed Mwameja alikuwa golini, mrefu, mtulivu, asiyeruka pasipo haja. Juma Mgunda alikuwa mbele. Na uwanja wetu wa Mkwakwani siku ya mechi ulijaa tangu baada ya adhuhuri, baiskeli zimeegemezwa ukutani kwa mamia, kwa sababu Tanga ni mji wa baiskeli na mtu wa Tanga huenda na baiskeli yake hata msikitini. Siwezi kusimulia furaha ya ubingwa ule kwa utaratibu, kwa kuwa haikuwa na utaratibu. Nakumbuka tu kwamba mjomba alikuja alfajiri na kanzu ileile, akasimama mlangoni muda mrefu akitafuta maneno, na baba akamwambia, "Ingia tu shemeji, leo hatuna msiba," wakacheka mpaka mama akatoka jikoni.

Tangu siku hiyo ubingwa haujarudi Tanga. Mkonge ulikwisha kuanguka zamani, maana kamba za nailoni ziliivunja bei yake, na nchi iliyovuna zaidi ya tani 200,000 mwaka 1964 ikawa inavuna sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Mji ukapoa, mabohari yakafungwa, na timu, ambazo haziwezi kunenepa katika mji unaokonda, zikakonda pamoja nao. Tulishuka daraja, tukapanda, tukashuka tena. Mwaka 2016 ulitufika mkasa ambao sidhani kama mji mwingine umepata kuuona: timu zetu zote tatu za ligi kuu, Coastal, African Sports na Mgambo, zilishuka kwa pamoja katika msimu mmoja, hata ikawa hapana wa kumpa mwenzake pole wala wa kumcheka. Mjomba alikuwa amekwisha kufariki. Nilisikitika kwamba hakuiona siku ile, kwa sababu bila shaka angekuwa na neno.

Basi mtu aliyeipenda timu katika hali hiyo anapata nini? Hapati fahari, maana fahari ilikwisha. Hapati mali. Hapati hata faraja ya kuwa upande wa wengi. Nimelifikiri swali hilo nikiwa juu ya jukwaa la Mkwakwani katika mechi za daraja la chini, jua la alasiri likinipiga usoni, watazamaji wachache wametawanyika, na jibu nililolipata ni kwamba hapo ndipo mapenzi yalipobaki peke yake pasi na kitu cha kuyaunga mkono, yakaonekana kama yapo au hayapo. Niliona yapo. Niliona pia kwamba walio pembeni yangu, muuza kahawa na birika lake la shaba, mwalimu wa zamani na mwavuli wake, kijana mmoja mwenye ulemavu wa mguu ambaye hakukosa hata mechi moja, walikuwa wamelipata jibu hilohilo bila kuulizana, na tangu hapo nimewahesabu kuwa jamaa zangu kwa namna ambayo ofisi haikunipatia hata siku moja.

Kuna mechi ambazo sikuziona kwa macho na ambazo nazikumbuka kuliko nilizoziona. Mwaka 1979, nchi ikiwa bado ina vumbi la vita ya Kagera, Taifa Stars ilikwenda Ndola kucheza na Zambia, ikiwa na bao moja la nyumbani la Mohamed Rishard Adolf mkobani, ili kutafuta nafasi ya kwenda Lagos katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Redio yetu ilikuwa juu ya kaunta ya duka la Mhindi mmoja barabara ya pili kutoka nyumbani, na betri zilikuwa adimu siku zile, kwa hiyo tangu asubuhi zilianikwa juani juu ya kipande cha bati, zikigeuzwa upande huu na huu, na mtoto aliwekwa kuzilinda asije mtu akazichukua. Tulisikiliza kwa masikio na kwa ngozi. Zambia wakapata bao, duka likanyamaza, sauti ya mtangazaji ikawa inakwenda mbali na kurudi, kwa sababu joto la jua lilikuwa likiishia ndani ya betri, na zilipobaki dakika chache Peter Tino akasawazisha. Sijui kama nilisikia jina lake au nilisikia tu mayowe ya watu wa mbele. Mwenye duka, mzee mpole aliyetuuzia sukari kwa mizani kali, alimimina njugu za kopo zima juu ya kaunta akasema tuleni. Hatukwenda tena katika fainali hizo hadi mwaka 2019, na kila aliyekuwa dukani siku ile na ambaye Mwenyezi Mungu alimpa umri alikuwa na wasaa mrefu wa kulisimulia bao la Ndola, likizidi kupendeza kila mwaka.

Wale watangazaji wa Radio Tanzania, akina Ahmed Jongo na Charles Hilary waliofuata, walikuwa na sanaa ambayo televisheni imeiua bila kukusudia. Mtangazaji wa redio alilazimika kukupa upande mpira ulipo, nani anao, nani anamwendea, watu wamesimama au wamekaa, na alilazimika kukupa haya yote kwa Kiswahili kinachokimbia bila kujikwaa. Siku hizi mtangazaji huniambia ninachokiona. Hilo nalisema kwa kupita tu. Sitaki nihesabiwe miongoni mwa wazee wanaodai kwamba hata maji ya zamani yalikuwa na unyevu zaidi.

Bao, ule mchezo wa kete, lilinijia ukubwani, na nililipata kwa fundi cherehani. Mzee huyu alikuwa na cherehani yake barazani na bao lake pembeni, na suruali za wateja zilingoja zamu yake ya kushindwa, zamu ambayo aghalabu haikufika. Asiyelijua bao huliona ni mashimo 32 na kete 64, watu wawili wakigawa kete kwa kuzunguka. Anayelijua huona kwamba ni hesabu inayokwenda mbio kuliko vidole. Kila mmoja huanza na kete 10 chini na 22 mkononi, sita kati ya zile za chini zikiwa ndani ya nyumba, na katika namua, ambayo ndiyo sehemu ya kwanza ya mchezo, anaweka kete moja moja, anakula penye kula, mpaka kete za mkononi ziishe ndipo mtaji uanze. Vijana wengi huchezea kula. Fundi alichezea nyumba. Aliilinda, akaiacha inenepe, akakubali kuliwa pembeni mara mbili na mara tatu huku akivuta pumzi kwa pua, na pale mwenzake alipokwisha kujiona mshindi, alitia kete moja mahali ambapo hapana aliyepatazama, akala, akafika nyumbani, akaamua kusafiri nayo, na kete zikaanza kutembea kwenye safu zake shimo hata shimo, zikila na kuzunguka, kwa mlio mkavu mfululizo kama mvua inapoanza juu ya makuti, hata zilipolala upande wa pili ulikuwa mtupu. Wakati wote huo hakuinua macho. Kabla hajagusa kete ya kwanza alikwisha kujua ya mwisho italala wapi, na kidole gumba chake kilikuwa kikiisugua kete polepole kwa muda wa hesabu yote, nacho kilipoacha kusugua, wachezaji wazoefu walijua kwamba mtu amekwisha.

Sheria yake moja ilikuwa juu ya watazamaji. Mpirani shabiki hupiga kelele akiamini kuwa kelele zake zinamsogeza mchezaji, na imani hiyo haimdhuru mtu. Kwenye bao kelele zinasaidia kweli, na kwa hiyo ni haramu. Kijana mmoja alipiga ukelele siku moja, "Mzee, kula kulia!" Fundi aliondoa mkono wake juu ya bao, akauchukua mkono wa yule kijana, akamtia kete kiganjani.

"Kaa wewe, mwanangu," alimwambia. "Mimi nikashone suruali yako."

Na kweli alikwenda kushona. Kijana alikaa, akaliwa mbele ya baraza nzima, na suruali yake ilikuwa tayari magharibi ileile, jambo ambalo halikuwa kawaida.

Sheria yake ya pili ilikuwa kwamba kwenye bao lake hakuwekwi kitu: si pesa, si soda, si hata kikombe cha kahawa na kashata. Wengine tulidhani ni dini, na huenda dini ilikuwamo, lakini alipoulizwa alitoa hoja nyingine. Alisema kuwa mkiweka kikombe cha kahawa, yeye atacheza asikose kahawa, na hapo bao litakuwa limekwisha na kilichobaki ni watu wawili wanagombea kahawa. Niliyashika maneno hayo kwa sababu yaliniingia, sikujua kama nitakuja kuyahitaji.

Sikukuu nazo zilikuwa na elimu yake. Sisi watu wa pwani Idd hutujia kwa mabishano, kwa kuwa mwezi huandama kwa macho ya watu na macho ya watu hayakubaliani. Na mara nyingi imetokea barabara moja ya Ngamiani ina nyumba zinazochinja kuku na nyumba zinazongoja daku, na watoto, ambao ni wanasheria hodari pale panapohusu maslahi yao, wakapokea mkono wa Idd kwa hawa leo na kwa wale kesho. Idd pili alasiri palikuwa na mechi ya wazee na vijana. Katika mechi hiyo mkuu wangu wa kazi, bwana mkali ambaye ofisini hatukupata kuyaona meno yake, alicheza beki wa kushoto na kaptula iliyofika magotini, akapitwa na kila mtu, akacheka kila alipopitwa. Na kesho yake ofisini alikuwa mkali vilevile, ila sasa tulijua kwamba ukali ule ulikuwa nguo ya kazi na kwamba jioni huvuliwa. Krismasi, sinia zilivuka uwanja kutoka nyumba ya jirani yetu Mbondei na kuja kwetu, kama zetu zilivyovuka kwenda kwake.

Likizo ndiyo iliyonishinda kwa muda mrefu. Reli ilitupa pasi ya kusafiria, na njia yetu, ile iliyoanzwa kujengwa hapa Tanga mwaka 1893 na kufika Moshi mwaka 1911, ilipita Mombo, mahali pa kushukia kwa aendaye Lushoto kwa wakwe zangu. Unashuka Mombo kwenye joto na vumbi, unapanda gari linalozunguka mlima kona baada ya kona, unapita Soni, na unapofika juu unatetemeka kwa baridi na huna la kufanya. Siku za mwanzo nilihangaika. Niliuliza habari za mji, nilitembea asubuhi kwenda kutazama mabasi yakija, nilipanga upya kuni za mama mkwe, naye, mwanamke mwenye staha kubwa, aliniacha nizipange, kisha akazirudisha zilivyokuwa. Mwisho mkwe wangu mzee aliniita tukae kwenye jua mbele ya nyumba, akaniletea sahani ya plamu na kisu, akaanza kula bila kusema. Tulikaa hivyo mpaka kivuli kikatufikia, tukasogeza viti, tukaendelea. Siku ya tatu ya mazoezi haya sikutazama tena saa. Nilirudi Tanga nikiwa na uwezo mpya wa kutazama mechi isiyo na bao dakika tisini zote pasipo kulalamika, na wenzangu wanaotaka kila shambulio lizae goli hawajaniambia uwezo huo wao wataupata wapi.

Sasa niseme habari za mjukuu wangu, kwa idhini yake. Yeye na rika lake wameupata mpira ambao sisi hatukuuota: kwenye kibanda umiza cha mtaa wetu, kwa shilingi chache, wanamwona mchezaji wa London akitoka jasho wakati uleule anapolitoa, wanajua bei yake, umri wake na jeraha la goti lake. Simwonei kijicho wala simlaumu. Lakini siku moja tulikaa pamoja Mkwakwani, Coastal wakicheza na wageni wakubwa kutoka Dar es Salaam, yeye kavaa jezi yetu nyekundu na nyeupe, na Coastal walipofunga bao mimi nilisimama, naye akashika kichwa kwa mikono miwili.

"Vipi tena, mgosi?" nilimwuliza.

"Babu, nimewapa wageni kwenye mkeka wa kubeti. Timu saba zimekwisha kutoa. Imebaki hii."

Nilikaa. Nilitaka kumpa maneno ya fundi cherehani, na nikampa, aliyasikiliza yote kwa heshima, maana amelelewa, kisha akanijibu, "Sawa babu, lakini mapenzi hayanunui unga." Na hilo ni neno la kweli. Kijana aliyemaliza shule na hana ajira, mwenye simu mkononi inayomwahidi mamilioni kwa mia tano, si mtu wa kuhubiriwa na mzee mwenye pensheni. Hata hivyo nilimtazama katika dakika zilizobaki, na nililoliona ni hili: wageni waliposhambulia hakuweza kuwashangilia kwa sababu ya jezi na majirani, na Coastal waliposhambulia hakuweza kuwashangilia kwa sababu ya mkeka, hivyo akawa ndiye mtu pekee katika jukwaa lile lote ambaye mechi haikuwa na upande wa kumfurahisha. Mkeka ulichanika. Alipoteza mia tano, na mia tano si kitu. Dakika tisini ndizo zilizoniuma.

Julai 2022 nilimchukua tukaenda Arusha. Coastal walikuwa wamefika fainali ya Kombe la Shirikisho, wakiongozwa na Mgunda yuleyule wa 1988, sasa kocha, na mbele yao walikuwa Yanga. Uwanja wenyewe unaitwa kwa jina la Sheikh Amri Abeid, mshairi aliyewatungia Waswahili kitabu cha sheria za mashairi mwaka 1954 na aliyekuwa Meya wa kwanza Mwafrika wa Dar es Salaam, na kwangu mimi mtu wa upande alikozaliwa Shaaban Robert ilipendeza kwamba kuna mahali watu hutukanana kwa ajili ya mpira ndani ya jina la mtunga mashairi. Mjukuu alikuwa ameweka Yanga washinde ndani ya dakika tisini. Abdul Suleiman Sopu alitangulia kutufungia. Yanga wakarudisha, wakaongeza. Na dakika zikiwa zinakwisha, Sopu akafunga tena, mbili kwa mbili. Nilipogeuka nilimwona kijana wangu yuko juu ya kiti, mikono yote hewani, anapiga kelele zisizo na maneno, na ilimchukua muda kukumbuka kwamba bao lile ndilo lililomchania mkeka. Aliponiona namtazama alisema, "Babu, usiseme kitu," nami sikusema. Kwa wasomaji wanaopenda mabadiliko ya tabia niongeze kwamba wiki iliyofuata alikuwa kibandani na mkeka mwingine.

Sopu alifunga la tatu katika dakika za nyongeza. Yanga nao wakapata la tatu. Ikaja mikwaju ya penalti, tukafungwa nne kwa moja, na kombe likaenda mahali linapokwenda siku zote.

Asubuhi ya pili tulipanda basi kurudi pamoja na wenzetu wa jukwaa la Mkwakwani. Mpaka Moshi hapakuwa na aliyezungumza. Karibu na Same mwalimu wa zamani, yule wa mwavuli, alisema kwa sauti ya chini kwamba penalti ya kwanza daima ipigwe na mfungaji bora, na kama mfungaji bora amechoka, ipigwe na nahodha. Muuza kahawa akamjibu kuwa hilo ni kosa, mfungaji bora awekwe wa tano. Mwalimu akauliza wa tano atafikaje ikiwa wa nne hakufikiwa. Kufika Mombo basi zima limegawanyika pande mbili, kondakta akiwa upande wa muuza kahawa, na mjukuu wangu amesimama katikati ya viti akichora mpangilio wa wapigaji kwa kidole juu ya kioo chenye vumbi. Mimi niko upande wa mwalimu. Hoja haijakatwa hata leo, na kwa kuwa muuza kahawa hupita barazani kwetu kila jioni baada ya magharibi, naamini atakuwa na jipya la kuongeza.